Taja Kazi Kwanza, Digrii

Pale Majengo, ukuta wa duka la mbegu unapoishia na mtaro wa maji machafu unapoanzia, kuna benchi. Ni ubao mmoja wa mninga juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka mpaka unang'aa kuliko meza ya mkurugenzi yeyote aliyewahi kusema "tutakupigia". Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, birika la kahawa la Mama Dorotea na sinia la kashata. Nyuma yake, chini ya turubai la bluu, imesimama pikipiki ya marehemu mume wake, Marselino mrina asali, na hiyo haiguswi. Mama huiwasha kila Jumapili akitoka misa, ikaunguruma kidogo, akaizima, akaifunika. Kuku wa Majengo hulala juu ya kila kitu, ila juu ya lile turubai hawalali. Asubuhi hiyo Kalisti alifika na begi mgongoni na helmeti mkononi, akakaa mwisho wa ubao. Kijiwe kizima kinamwita Digrii, kwa sababu ndicho kitu pekee alichorudi nacho kutoka chuoni, na mpaka leo hakijaota hata jani. Aliagiza kahawa kabla ya kusalimia. Hapo watu wakajua ana shida.

— Order! Order! — alipaza sauti Polycarpe, fundi cherehani wa mlango wa pili, anayeitwa Spika kwa kuwa hawezi kuona watu wawili wanaongea bila yeye kuwaongoza. — Mheshimiwa Digrii ana begi. Mheshimiwa Digrii ana helmeti. Ila Mheshimiwa Digrii hana pikipiki. Kiti kinaomba ufafanuzi.

— Naenda kukempu, — alisema Kalisti.

— Ku-nini?

— Camping, mzee. Mimi na washkaji watatu. Tunapanda na pikipiki mpaka Mwese, tukifika tunaachana na barabara kubwa, tunaingia zile njia za msituni zinazopanda mlimani. Tunafunga hema, tunalala. Kesho kutwa tunarudi.

Enoka alitua kikombe. Enoka ni dereva wa bodaboda. Kijiweni anaitwa Methali, kwa kuwa anazo nyingi na hakuna hata moja anayoitumia panapostahili.

— Huko kuna msiba?

— Hakuna.

— Harusi?

— Hakuna.

— Mmegawiwa mashamba?

— Enoka, hakuna kitu. Tunaenda kulala tu. Kuangalia angalia.

— Kwani kwenu kitanda kimeliwa na mchwa?

Benchi zima likacheka. Kalisti naye akacheka, kwa meno tu. Ameandika barua za kuomba kazi mpaka anaweza kueleza sababu ya jambo lolote kwa Kiingereza cha kupiga magoti. Sababu ya hili hakuwa nayo hata kwa Kiswahili.

— It is called leisure, — alijaribu. — Watu duniani wanafanya.

— Watu duniani wana kazi, — alijibu Spika. — Hiyo leja yako ni ya mtu aliyechoka. Wewe umechoshwa na nini?

Spika hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliingia mpaka kwenye mfupa.

— Mimi nawaambia, — alisema Enoka, — vijana wanne hawawezi kuunguza petroli kwenda kuona miti. Miti si hii hapa? Na wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Maana yake nini? Kule hakuna gesti. Sasa mtu anayeenda mahali hakuna gesti, tena anarudi bila gunia, huyo ana mtu kule. Mwanamke. Mwese yote imejaa...

Hakumaliza. Birika la Mama Dorotea lilikuwa limesimama hewani, kahawa ikichuruzika pembeni ya kikombe. Hakuna mtu Majengo asiyejua maneno yale yaliwahi kusemwa juu ya nani. Marselino aliipanda milima hiyo kila msimu wa asali, na kila msimu wenzake walishuka kabla yake. Yeye alibaki siku mbili, siku tatu, kisha ndipo anashuka, peke yake, anacheka cheka.

— ... imejaa baridi, — alimalizia Enoka, akaangalia viatu vyake.

— Umekanyaga, — alinong'ona Aristide.

— Kuteleza si kuanguka.

— Hii ni kuanguka, Methali. Tena kwenye matope.

Aristide anauza vocha na betri, na jina lake ni Redio, kwa sababu hulala nayo sikioni na kuamka na habari ambazo hakuna kituo kilichozitangaza. Aliona ni juu yake kuokoa hali ya hewa.

— Tuacheni mambo ya wanawake. Hawa vijana wametumwa. Camping ni jina la kwenye karatasi tu. Mlimani kuna dhahabu.

— Dhahabu iko upande wa huku, — alisema Spika.

— Iliyoonekana ndiyo iko huku. Isiyoonekana iko wapi?

 Aristide hushinda namna hiyo siku zote.

— Basi kiti kinarekebisha hoja, — alisema Spika, ambaye hawezi kuacha hoja ya mwenzake ipite ilivyo. — Si dhahabu. Ni sokwe. Wanaenda kuhesabu sokwe, halafu watawapa vitambulisho.

— Sokwe?

— Cheka tu. Mtu akishahesabiwa, si anadai barabara? Sisi tulihesabiwa, mpaka leo tunasubiri. Mtaona. Watapata wao kwanza.

— Ndiyo maana wanabeba hema! — Aristide aliruka. — Hema lina waya ndani. Ukilifungua usiku linaongea na setilaiti. Setilaiti inauliza, hao sokwe wanataka nini? Hema linajibu.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Enoka, amekwisha kupona. — Leo hema moja, kesho mawili, keshokutwa unasikia sokwe diwani.

— Afadhali, — alisema Spika. — Huyo akichaguliwa atabaki na wapiga kura wake.

Simu ya Kalisti ikatetemeka. Denis: "Tupo sheli, tunajaza mafuta. Uko wapi mwana?" Kalisti hakujibu. Pikipiki aliyokuwa ameahidiwa ilikuwa ya binamu yake, na binamu yake alikuwa ameghairi asubuhi ile ile, bila hata kutafuta uongo mzuri. Kupakiwa haiwezekani: ya Denis imebeba hema, ya Gabrieli imebeba masufuria na maji, ya Mercy imebeba madumu ya mafuta. Kwa njia ile ya mawe mtu wa ziada ni mzigo wa kwanza kutupwa korongoni. Akikosa chombo anabaki. Na akibaki anabaki hapa hapa, mwisho wa ubao huu, kesho na kesho kutwa, anasikiliza habari za sokwe. 

— Mama, — alisema. — Shikamoo.

— Umeikumbuka? Marahaba.

— Nilikuwa naomba... ile pikipiki.

Benchi zima likageuka, hata Aristide akachomoa redio sikioni.

Mama Dorotea hakukasirika. Alifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

— Mwanangu, chombo cha porini hakitoki hapa hivi hivi. Desturi ya kambi ya marehemu unaijua.

Aliijua, na kila mtu pale aliijua, maana Marselino aliifanya mbele ya benchi hilo hilo. Alikuwa mtu wa Inyonga aliyehamishia mizinga yake upande wa Mwese, na kambi ya kina baba yake, warina asali wote, ilikuwa na jambo lake: mrina asali haingii msituni kimya kimya. Zamani alishika shoka. Zilipokuja pikipiki akashika tangi. Anaweka kiganja, anataja kwa sauti kazi anayoiendea, mbele ya yule anayebaki nyumbani. Anayebaki anajibu, "Nimesikia." Msitu, walisema, haupokei mtu asiye na kazi, unamzungusha mpaka anasahau alikotoka. Akirudi anasema, "Imeisha." Basi. Maswali yote ni ya kabla ya safari. Aliyerudi haulizwi.

Mama alifungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akaushika kwa vidole viwili.

— Taja kazi.

— Taja kazi kwanza, Digrii, — alirudia Spika, kwa upole mbaya.

Kazi! Shangazi anaiuliza. Padri anaiuliza baada ya misa, ameinamisha kichwa kama anayempa pole mfiwa. Sasa mpaka tangi la mafuta linaiuliza. Huna kazi mjini, sawa, kumbe hata porini kuna dirisha la kusimama na vyeti? Hasira ilimpanda Kalisti, na wenzake walikuwa sheli wanaangalia jua. Mdomo ukafunguka wenyewe.

— Utafiti, — alisema. — Naenda kufanya utafiti.

Spika alisimama. Watu hawakumbuki mara ya mwisho Spika kusimama.

— Utafiti! Mbona hukusema, kijana? Umepata!

— Amepata! Digrii amepata!

— Nilisema wametumwa! — Aristide aligonga goti. — Nilisema au sikusema?

— Mtahitaji mpishi, — alisema Enoka. — Shemeji yangu anasonga ugali wa watu hamsini bila kutoa jasho.

— Na kizibao, — alisema Spika, tayari ameshatoa futi yake ya kupimia. — Mtafiti bila kizibao cha mifuko mingi ni mwizi wa kuku. Inua mikono, Daktari.

Daktari. Kalisti aliinua mikono. Alitaka kusema hapana, tulieni, lakini ilikuwa zamani sana tangu watu wamtazame usoni, huwa wanamtazama viatu. Aristide alimsogezea kashata. Mama Dorotea akamimina kikombe kipya, akamwekea mkononi yeye mwenyewe.

— Hongera, baba. Mama yako tunamwombeaga kila Jumatano kwenye jumuiya. Leo nikifunga hapa napita kwake kumwambia Mungu amesikia. Enoka, vua turubai, ukague matairi.

Kalisti hakuinywa ile kahawa. Aliiona sura ya mama yake ikipokea habari ile. Angeacha jembe pale pale.

Turubai lilikuwa limevuliwa, na tangi jekundu linametameta, pikipiki nyingine ilipokata kona kwa fujo na kusimama. Aliyeshuka alivua helmeti: msichana, buti zimejaa vumbi mpaka magotini. Ni Mercy, aliyesoma darasa moja na Kalisti, ambaye sasa anauza vipuri Majimoto na hamwombi mtu ruhusa ya kitu chochote.

— Shikamooni. Kalisti, kaka, jua ndiyo hilo. Unakuja huji?

— Tulia, binti, — alisema Spika. — Mtafiti anakabidhiwa chombo.

— Mtafiti nani?

— Huyu. Si mko pamoja kwenye utafiti?

— Utafiti wa nini?

Swali lenyewe ndilo hilo, dogo kama punje ya mtama. Walikuwa wameshagawana vyeo vya utafiti ule, mpishi yupo, mshonaji yupo, na hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza.

— Wa sokwe, — alisema Spika.

— Wa dhahabu, — alisema Aristide, kwa wakati huo huo.

Mercy alimtazama Kalisti. Kalisti aliitazama kahawa. Kisha akaiweka chini, ikiwa imejaa.

— Mama, hakuna utafiti. Sijapata kazi. Ulitaka nitaje na mimi sina cha kutaja, nikadanganya. Usiende kwa mama, tafadhali. Tunaenda kulala tu kule. Kuona. Ukiniuliza kwa nini, I don't know. Sijui, mama. Nataka tu.

Futi ya Spika ikarudi mfukoni polepole. Mama Dorotea hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliurudisha ufunguo kwenye khanga, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

— Afadhali umedanganya hapa, — alisema. — Ungedanganya kule usingerudi. Enoka, funika.

Enoka aliinua turubai. Mercy alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki, anaangalia keria.

— Ngoja kwanza. Mama, hii pikipiki ilikuwa inafika kileleni?

— Kileleni wapi?

— Juu kabisa, nyuma ya Mwese. — Alinyofoa kitu kilichonasa kwenye vyuma vya keria, akakinyanyua: kishungi cha kijivu, kikavu, laini kama ndevu za mzee. — Hizi ni ndevu za mti. Mwaka jana mimi na Denis tulipanda mpaka juu. Njia nzima hazipo. Ziko kule mwisho tu, kwenye ukungu, zinaning'inia vichakani.

— Kila msimu alikuwaga anarudi nazo, — alisema Mama Dorotea. — Nilikuwa nazibandua, nyingine zinabaki. Watu walisema ni nywele.

Hakumtazama mtu yeyote aliposema "watu". Enoka alitamani mtaro umpokee.

— Nywele za nani, mama? Kule hakai mtu.

— Hata mmoja?

— Hata kibanda hakuna. Vichaka vifupi hivi, mawe na upepo. Maji unapanda nayo. — Mercy alikigeuza kile kishungi kiganjani. — Ila sasa alikuwa anarina nini? Kule hata mti wa kutundika mzinga hakuna.

Mama Dorotea alikaa chini. Kwenye kijiwe chake mwenyewe huwa hakai. Alikaa juu ya kiroba cha mkaa, birika mapajani.

— Alikuwa anafanya nini? — aliuliza. Aliwauliza wao, wote, kwa mpangilio walivyokaa.

Spika alimgeukia Aristide. Aristide alitazama juu. Setilaiti haikuwa na habari. Enoka alipekua akiba yake yote ya wahenga.

— Methali, sema basi, — alinong'ona Spika.

— Sina.

— Miaka yote, — alisema Mama Dorotea, — alikuwa anataja asali, na mimi najibu nimesikia. Asali inashuka na wenzake, yeye anabaki. Akirudi anasema imeisha, nanyamaza, maana aliyerudi haulizwi. Nimebeba maneno ya watu mpaka sokoni, mpaka kanisani, kwa ajili ya heshima. Na yeye amekwenda na jibu lake. Kumbe alikuwa anapanda mahali hakuna kitu?

— Kuna kitu, mama, — alisema Kalisti. Hakujua kwa nini alisema. — Hatukijui tu.

Mama alimgeukia.

— Wewe umesema hujui unaendea nini.

— Sijui.

— Ila unataka.

— Nataka, mama. Tangu Mercy anionyeshe picha moja ya kule, ina ukungu tu, hata mlima hauonekani.

— Basi na yeye labda alikuwa hivyo hivyo. Akaona aibu kunitajia, akasingizia asali. Angenitajia tu, mume wangu! Ningecheka siku moja, yakaisha. — Alilifungua fundo kwa meno yale yale. — Shika. Panda mpaka zinapoota hizi ndevu. Kaa pale. Angalia alichokuwa anaangalia. Kazi yako ndiyo hiyo, na mshahara ni mafuta yaliyomo.

Enoka alilitupa turubai begani kama mtu aliyepewa amri kanisani. Spika alivua kofia. Kalisti aliweka kiganja juu ya tangi jekundu. Lilikuwa limeanza kupata joto la jua. Ameshajaza fomu za kila aina, na kwenye kila fomu pana mahali pa kueleza lengo. Hili lilimtoka kwa maneno mawili.

— Naenda kuangalia.

— Nimesikia, — alijibu Mama Dorotea.  Ni muda mrefu neno hilo halijatamkwa pale. — Na ukirudi usije ukaniambia imeisha. Safari hii mimi nitauliza.

Pikipiki ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mercy alitangulia. Walikata kona ya duka la mbegu, vumbi likawafuata, wakaenda.

Spika alikaa, akavuta pumzi, akanyoosha kikombe.

— Mama, ongeza. Kikao kinaendelea.

— Imekwisha, — alisema Mama Dorotea, na aligeuza birika ili waone. Kisha alikuja kukaa mwisho wa ubao, pale pale alipokuwa amekaa Kalisti, na kile kishungi cha kijivu mkononi. Alikinusa. Akakinusa tena, amefumba macho.

— Kinanuka nini, mama? — aliuliza Enoka, kwa sauti ndogo.

— Moshi kidogo. Na kitu kingine.

— Kitu gani?

— Nimesema nitauliza akirudi.

Walikaa na vikombe vitupu. Mlio wa pikipiki mbili ulikuwa bado unasikika kwa mbali, halafu zikawa nne, halafu upepo.

— Sasa tuelewane kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, — alisema Spika. — Digrii amepata kazi, au hajapata?

Enoka alimtazama Aristide. Aristide alimtazama Mama Dorotea. Mama Dorotea alikuwa anatazama barabara ya Mwese.